Mbia wa Kinyozi

Kinyozi hajinyoi, wamesema waliotutangulia, na kinyozi wa habari hii alikuwa amewanyoa wenye nyumba kwa miaka mingi bila mwenyewe kuwa hata na kibanda. Si kwamba alikosa akili ya maisha. Kwenye kiti chake walipita makandarasi, madalali, wauza mbao na walimu wakuu, na kila aliyeketi alizungumza habari za majengo. Mtu akishafungwa kitambaa shingoni hana pa kwenda, basi hujisifu. Kinyozi alisikiliza, akaokota neno hapa na neno pale, akanunua kiwanja kidogo pembeni ya mji wakati watu bado wanapacheka mahali penyewe, akainua kuta za vyumba sita vya kupangisha, mstari mmoja. Hapo pesa ikakatika.

Kuta zilifika juu ya madirisha zikasimama hivyo hivyo, vichwa wazi. Tofali zilikuwa za kuchoma lakini zimeungwa kwa udongo uliochanganywa na saruji ya kuonjesha tu, maana saruji ina bei yake. Mvua za kwanza zingezilamba, za pili zingezilaza chini. Na mvua zilikuwa njiani. Kila jioni akifunga duka kinyozi aliinua macho kuangalia mawingu kama mtu anayemtazama mdai wake akija kwa mbali.

Juu ya hilo, bibi mwenye nyumba walimopanga alikuja asubuhi moja na sauti ya upole, ile ambayo kinyozi na mkewe waliijua kuwa si ya heri. Mwanawe alikuwa anarudi na familia yake, alisema, na angependa avikute vile vyumba viko wazi mvua zikiisha.

“Si kwamba nawafukuza, wanangu. Nawaomba tu mtafute pengine.”

“Tofauti yake nini, bibi?” mke wa kinyozi aliuliza.

“Tofauti ni kwamba nawaomba.”

Basi jambo likawa ni hilo moja. Apatikane mtu mwenye pesa, apandishe bati kabla ya mvua, kisha wao na watoto wao wawili wahamie vyumba viwili na vinne wavipangishe ili mtu huyo arudishiwe chake. Kinyozi alimwita mtu huyo mbia. Neno lenyewe alilipata kwa mteja akalipenda kuliko neno mkopeshaji, kwa sababu mkopeshaji anakukopesha, lakini mbia anakuheshimu.

*

Alianza benki, na koti la harusi yake mwilini. Kijana wa mikopo aliyemkuta dirishani alikuwa mteja wake wa Jumamosi. Kinyozi alikijua kisogo cha kijana yule kuliko mama yake mzazi alivyokijua, kile kikovu kidogo na zile nywele zinazoota kinyume. Alitabasamu tangu mlangoni. Kijana hakutabasamu.

“Karibu, mteja. Karatasi ya mshahara unayo?”

“Mimi najiajiri, wewe si unajua? Juzi tu ulikuwa kwangu.”

Kijana alitupa jicho meza ya jirani, alikoketi mkubwa wake. “Tunaomba karatasi ya mshahara, au hesabu za biashara zilizokaguliwa.”

“Nywele nani atazikagua?”

Mwanamke aliyekuwa nyuma kwenye foleni alicheka, na kinyozi akafurahi kidogo kwamba walau kuna aliyecheka. Kijana aliendelea kusema kuhusu kiwanja ambacho hakijapimwa, na kuta ambazo kwa macho ya benki si nyumba bali ni tofali zilizosimama. Mwishowe aliinama mbele akapunguza sauti. “Mzee, usinichukie. Hapa mwenye nacho ndiye anayeongezewa. Tafuta mtu binafsi.”

Jumamosi iliyofuata kijana hakuja kunyolewa. Wala iliyofuata hakuja. Kinyozi alikuwa ameenda benki kutafuta pesa, akarudi amepoteza na mteja.

*

Dada yake mkubwa ndiye aliyekuja mwenyewe, bila kuitwa. Alikuwa muuguzi aliyestaafu mwaka ule, mjane asiye na mtoto, na ile nyumba ya watumishi wa hospitali aliyokuwa akikaa ilikuwa inasubiriwa na muuguzi mwingine. Alizunguka boma lote, zile kuta zisizo na paa, mikono nyuma, akagonga ukuta huu na ule kwa vifundo vya vidole kama anayepima kifua cha mgonjwa, kisha akarudi na kinyozi na mkewe nyumbani kwao, akaketi.

“Mdogo wangu, kiinua mgongo changu kipo, sijakigusa. Nitaezeka, nitaweka milango na madirisha. Katika hivyo vyumba sita nataka viwili, na jina langu liandikwe pamoja na lako kwenye karatasi za kiwanja. Nataka na mimi niwe na mlango wangu. Nikiufunga, nimeufunga.”

“Jina la nini, dada? Sisi si ndugu?”

“Ndiyo maana nataka liandikwe. Ndugu ndio hawaandikiani, halafu wanazikana hawasemeshani.”

Mke wa kinyozi aliingia na chai. “Karibu chai, wifi,” alisema, kwa sauti ambayo ingetosha kuipoza. Alikuwa mpishi wa shule, mwanamke aliyezoea kulisha watoto mia kadhaa bila kupandisha sauti, lakini mbele ya wifi yake alijiona kila mara kama sufuria iliyofunuliwa inachunguzwa.

Wifi alipoondoka, mke alikusanya vikombe kwa kelele nyingi kuliko vikombe vyenyewe.

“Akiingia mle hatoki. Leo ataomba chumvi, kesho atakuwa ananipimia hiyo chumvi. Jina kwenye karatasi! Nimekaa kwa bibi huyu miaka yote nikiomba ruhusa ya kuanika nguo, halafu nikapate kwangu niombe ruhusa kwa wifi?”

“Ni dada yangu.”

“Ndiyo. Wako.”

Kinyozi naye alikuwa na sababu yake, ila hakuitoa. Aliwasikia tayari wateja wakisema dukani, hata kabla hawajasema: kinyozi kajengewa na dada yake. Dada aliyemlea, aliyemlipia ada, sasa na paa amwekee? Ni aibu, na ilikuwa aibu ya zamani, hakutaka kuichokonoa. Kwa hiyo alifurahi mkewe alipokataa, akajificha nyuma yake, na mkewe akafurahi kuona hakumtetea dada yake, akajificha nyuma yake vilevile.

“Basi tumwambie tutamjulisha,” kinyozi alisema.

Walimwambia hivyo. Hakuna aliyemjulisha kitu. Kwa mgeni mtu huona aibu kukaa kimya. Kwa ndugu hujiambia ataelewa.

*

Mvua ya kwanza ilinyesha usiku mmoja ikakata. Asubuhi yake kinyozi alikuta kona ya chumba cha mwisho imeliwa, tofali tatu chini. Mchana wa siku hiyo hiyo aliketi kwenye kiti chake Bwana Marumaru.

Watu walimpa jina hilo kwa sababu ya duka lake la marumaru za sakafu, na kwa sababu ilisemekana kwake hata banda la mbwa limewekwa marumaru. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye harufu nzuri. Alimwita kila mtu ndugu yangu na alilipa bila kudai chenji.

“Nasikia una boma linalia njaa ya bati,” alisema akiwa amefumba macho, povu shavuni.

“Lipo, mzee. Natafuta mbia.”

“Mbia!” Bwana Marumaru alifumbua jicho moja. “Neno zuri hilo. Na benki je?”

“Benki nimewaacha.”

“Umefanya vyema. Benki inataka riba, mimi nataka undugu. Sasa niambie kitu, maana sipendi kumtoa mtu mahali anapolala. Wewe unakaa wapi? Hivyo vyumba si ndio tegemeo la watoto?”

Hapo ndipo kinyozi alipoharibu. Angesema tu: mzee, tumeombwa tuhame, tunahitaji vyumba viwili. Yalikuwa maneno machache. Lakini kwenye kioo mbele yake alijiona amesimama na wembe mkononi nyuma ya tajiri aliyelaza kichwa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake tajiri alikuwa amemwuliza jambo kama mtu na mwenzake.

“Pa kukaa tunapo, mzee. Pazuri tu. Hivi vyumba ni uwekezaji.”

Uwekezaji. Lilikuwa tamu mdomoni. Alimalizia shavu la pili kwa mkono mwepesi kuliko kawaida, na Bwana Marumaru alipoinuka akamkatalia pesa. “Mbia hatozwi,” alisema.

*

Walitia saini kwenye kiofisi cha nyuma cha duka la marumaru, katikati ya maboksi. Mke wa kinyozi alikuja na kitenge chake kizuri, akaketi ukingoni mwa kiti. Makubaliano yalikuwa mepesi. Bwana Marumaru angemalizia nyumba kwa gharama zake, angeweka wapangaji, angepokea kodi mpaka gharama zake zote za kukamilisha na kutunza zirudi pamoja na kitu kidogo cha jasho, kisha angekabidhi funguo. Kwa makadirio yake, miaka miwili. Pengine isifike.

“Na gharama zikizidi?” mke aliuliza.

“Shemeji, gharama zikizidi si ndiyo nyumba inazidi kupendeza?”

Kinyozi ndiye aliyecheka wa kwanza. Bwana Marumaru aliisukuma karatasi mbele, akaweka kidole. “Hapa nimeandika vyumba vyote sita, kwa kuwa ninyi mna pa kukaa.”

Mke alimgeukia mumewe. Kinyozi alikuwa ameinamia boksi la marumaru, anasoma maandishi ya ubavuni kana kwamba ameulizwa swali. Ilimchukua mkewe muda mfupi tu kuelewa yote: lini alilisema, kwa nini alilisema, na kwamba angefungua mdomo sasa hivi angemvua nguo mumewe mbele ya watu, Bwana Marumaru na karani wake. Pia alielewa mlango mwingine uliobaki ulikuwa wa nani. Kwa juu, kwenye bati la duka, matone yalianza kugonga.

“Nitie wapi saini?” aliuliza.

Walipokaribia nyumbani kinyozi alipunguza mwendo.

“Nitaongea naye polepole,” kinyozi alisema. “Ni muungwana. Vyumba viwili kwake ni nini?”

“Kwake si kitu,” mkewe alisema. “Ndiyo maana ungemwomba leo.”

*

Kenchi za paa zilipanda, bati zikapanda, na siku mvua kubwa ilipoanza kinyozi alifunga duka mapema akaenda kusimama ndani ya chumba cha mwisho peke yake. Kelele ilikuwa kubwa hata asingeweza kusikia mtu akimwita. Hakuna tone lililopita. Alilia kidogo, kwa furaha kabisa, akajifuta uso kwa kitambaa cha kazi chenye nywele za watu. Hiyo ndiyo siku moja ambayo nyumba ile ilimpa, na afadhali tuitaje, maana nyingine hakuna.

Dada yake alipata habari kwa watu. Alipiga simu. “Nimesikia mmeezeka. Hongereni.” Kinyozi alianza kueleza, na dada akamwambia anachemsha maji, wataongea siku nyingine.

Kisha zikaja marumaru. Sakafu za vyumba kwanza, hilo linaeleweka. Kisha kuta, mpaka usawa wa bega. Kisha baraza. Kisha choo, ndani na nje, hata ule upande wa nyuma unaotazama uzio ambako haendi mtu. Likaja tangi la maji juu ya mnara wa chuma, likaja geti jeusi lenye mikuki, na mlinzi wa kulikalia. Kila kinyozi alipopita alikuta kimeongezeka kitu, na haya pia tuyaseme, alipenda. Alipiga picha kwa simu. Dukani, akimgeuza mteja kichwa, alimwonyesha: “Hizo zangu.” Mteja alisema lo, na kinyozi akasema ni uwekezaji mdogo tu, tunajaribu jaribu. Bwana Marumaru naye aliendelea kuja kunyolewa bure, kisha akaja na wanawe, kisha na mashemeji zake wawili.

Habari ya vyumba viwili kinyozi aliiweka mpaka wiki ijayo, kila wiki.

*

Mvua zilikwisha. Bibi mwenye nyumba alikuja kuwaomba mara ya pili, na safari hii alikuja na mwanawe, jitu refu lililobaki limesimama mlangoni likipima dari kwa macho.

Kinyozi alikwenda duka la marumaru. Karani alimwambia asubiri, mzee ana wageni. Alisubiri juu ya boksi. Waliingia wanunuzi, wakatoka, wakaingia wengine, na mara mbili aliombwa asogee ili boksi alilokalia lichukuliwe. Bwana Marumaru alipojitokeza alimkumbatia mbele ya watu wote.

“Mbia wangu! Mbona unakaa kama mdeni?”

“Mzee, nina neno. Tunaomba vyumba viwili pale. Vya kukaa sisi na watoto. Hata kimoja.”

“Kukaa ninyi?” Mshangao wake ulikuwa wa kweli, na wa sauti kubwa. “Kumbe huna pa kukaa?”

Karani aligeuka. Mnunuzi aliyekuwa anapapasa sampuli ukutani aligeuka naye. Kinyozi alisikia masikio yake yakiwaka moto.

“Tumeombwa tuhame.”

“Ungesema, ndugu yangu. Ungesema tangu mwanzo! Sasa vyumba vyote vina watu, na wamelipa kodi ya mbele. Siwezi kumtoa mtu, nitaonekana mhuni. Kimoja kitakuwa wazi mwisho wa mwezi. Hicho nitakuwekea.”

“Asante, mzee. Na hesabu yetu imefikia wapi?”

Bwana Marumaru alichukua mashine ya hesabu akabonyeza akiimba kwa pua. Bati, mbao, milango. Marumaru. Tangi, mnara, geti. Mlinzi, ambaye mshahara wake unaingia humo humo kila mwezi. “Kama miaka minane hivi,” alisema. “Tisa, nikipaka rangi.”

“Usipake.”

“Nyumba isiyopakwa rangi, mbia? Itatutia aibu.”

“Uliniambia miwili. Marumaru mimi sikuziomba.”

“Hukuzikataa,” Bwana Marumaru alisema, tena kwa upole, kama anayemkumbusha mtu alikosahau mwavuli. “Ulikuja ukaziona. Ulipiga picha.”

Kinyozi aliisukuma simu ndani zaidi ya mfuko, maana ilikuwa kweli. Baadaye alimpa karatasi mteja wake karani wa mahakama, ambaye aliisoma huku akinyolewa, akasema iko safi. Gharama zote za kukamilisha na kutunza. Ilivyo, alisema, mtu anaweza kutunza nyumba mpaka kiama. Kisha akaomba ndevu azipunguziwe upande wa kushoto.

*

Ikabaki kwa dada. Kinyozi alikwenda Jumapili, mikono mitupu, akiwa amejipanga njia nzima jinsi ya kuomba radhi. Alimkuta kwenye nyumba ngeni, ndogo, vyumba vitatu na uzio wa mabati yaliyotumika. Alikuwa ameijenga pamoja na muuguzi mwenzake wa zamani, na wote wawili walikuwa nje wanachambua mboga, wanacheka jambo lililowapata wodini miaka ile. Milango miwili ya mbele ilikuwa imepakwa rangi tofauti.

Dada alimkaribisha vizuri, na hilo lilimchoma kuliko kama angemsema. Alimsikiliza mpaka mwisho.

“Sasa unataka nini kwangu, mdogo wangu?”

“Kama kingekuwepo, dada, cha kumlipa huyu bwana ili atuachie. Jina lako liandikwe. Hata vyumba vitatu chukua.”

Alitikisa kichwa polepole. “Pesa imeshakuwa ukuta. Ungekuja kabla ya mvua ningekuwa nayo. Nilikaa nayo nikikungoja mpaka yule mwenye kurithi nyumba ya hospitali akaleta vitanda vyake na mimi bado nimo. Nikasema, labda anatafuta namna ya kuniambia.” Alisita. “Ungeniambia hapana tu. Hapana si kitu kibaya. Mimi nimewaambia watu mabaya kuliko hapana maisha yangu yote.”

“Nisamehe, dada.”

“Nimeshasamehe zamani. Lakini msamaha hauezeki nyumba.” Alifuta mikono. “Hicho chumba kimoja mtakaaje wanne? Na binti yako ameshakuwa mkubwa. Mlete kwangu. Shule si mbali kutoka hapa.”

Mke alipoambiwa aliuweka mkono juu ya begi ambalo alikuwa ameanza kulipanga. Kinyozi alingoja aseme kitu juu ya wifi yake, chochote, walau ugomvi ungekuwa kitu wanachokijua.

“Mwambie kwamba mwanangu hapendi kitunguu kibichi,” alisema. “Wifi anaweka kitunguu kibichi kwenye kila kitu.” Kisha akajifunika uso kwa kitenge akalia, na kinyozi akasimama pale asijue mikono yake aiweke wapi.

*

Kodi ya chumba Bwana Marumaru aliwapunguzia, kwa kuwa wao ni watu wa nyumbani. Walilipa ya mbele, kama wapangaji wengine. Mke alikuwa ameuza cherehani yake kupata sehemu ya mwisho.

“Na angalieni bahati yenu,” Bwana Marumaru aliwaambia alipokuwa anahesabu noti. “Kodi yenu inaingia kwenye hesabu, hesabu inapungua. Ni kama mnajilipa wenyewe.”

“Kwa hiyo tukikosa kodi tutakuwa tumejidhulumu wenyewe,” mke alisema.

Bwana Marumaru alicheka sana, akasema shemeji ana akili, kisha akamwambia kwamba mpangaji akikosa kodi hutoka.

Walihamisha vitu asubuhi ya Jumamosi, wakati mzuri wa kazi ambao kinyozi asingeupata tena. Mlinzi wa geti aliwasimamisha na mkokoteni wao.

“Mnamtafuta nani?”

“Tunahamia,” kinyozi alisema. “Chumba cha mwisho.”

“Majina yenu sijapewa. Subirini nipige simu.”

Wakasubiri nje ya geti, jua likipanda. Mtoto wao mdogo aliuliza kama wamekosea nyumba, na mama yake akamwambia hawakukosea, anyamaze. Simu ikapokelewa, mlinzi akaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, akafungua upande mmoja wa geti, mkokoteni ukapita kwa shida.

Mpangaji wa chumba cha tano, mama mmoja mshonaji, aliacha kazi yake barazani akaja kuwasaidia. Alichukua ndoo, akachukua na furushi la vyombo, huku akieleza taratibu za pale kama mwenyeji mwema. Maji yanafungwa jioni. Kuanika nguo ni zamu kwa zamu, chumba chenu Alhamisi. Redio si kwa sauti kubwa. “Na msipigilie misumari ukutani. Mwenye nyumba hataki kabisa, marumaru zinapasuka. Mmeshaonana naye?”

Mke wa kinyozi alikuwa na upande mmoja wa godoro mikononi. Hakumtazama mumewe. Alitazama kona ya chumba cha mwisho, pale palipokuwa pameliwa na mvua na sasa panang’aa.

“Ni mteja wangu,” kinyozi alisema. “Nanyoa.”

“Basi mna bahati. Mtu akijuana na mwenye nyumba hapati tabu.” Mshonaji aliweka ndoo chini, akatazama miguu ya kinyozi, akashtuka. “Samahani, kaka, nilisahau. Viatu tunavua mlangoni. Ndio utaratibu wa hapa.”

Kinyozi akainama, akavua viatu.